Mgonjwa Aijue Njia Kabla Hajaugua

Hotuba iliyotolewa na muuguzi mkunga mstaafu mbele ya wajumbe wa kamati za usimamizi wa zahanati na vituo vya afya, mjini Masasi. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wajumbe ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, watendaji wa kata na vijiji, waganga wafawidhi wa vituo vyetu, wajumbe wa kamati, wazee wangu, mama zangu na vijana mliotoka Lulindi, Chiungutwa, Lukuledi, Nanganga na Ndanda, na wageni wetu kutoka Nachingwea na Newala: nawasalimu nyote kwa heshima, na nawashukuru kwa kuacha kazi za shamba mkaja kuketi nasi.

Nimeombwa nizungumze juu ya taarifa kwa wagonjwa. Ningeweza kuwasomea mkataba wa huduma kwa mteja, ule uliobandikwa ukutani karibu na mapokezi, na saa yangu ingekwisha bila mtu kulalamika. Lakini karatasi ile mgonjwa huikuta akiwa amekwisha kulazwa kwenye machela, na aliyelala kwenye machela hasomi ukuta. Kwa hiyo swali langu kwenu leo ni hili: mwananchi wa kijiji chako anajua nini kuhusu hospitali kabla ya siku atakayoihitaji?

Nalirudia, kwa sababu ndilo lililonileta hapa. Anajua nini kabla ya siku hiyo? Katika miaka yangu ya kazi nimewapokea wagonjwa wengi waliofika wamechelewa, na mara nyingi dawa ilikuwapo, daktari alikuwapo, hata gari lilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia mapema waende wapi, waende lini, na wawe na nini mkononi. Mkulima wa korosho hasubiri ugonjwa wa ubwiriunga ushike maua ndipo aanze kuuliza dawa yake, salfa, inauzwa wapi. Kwa nini basi katika afya ya mtoto wake tunamwacha aulize njia usiku, mvua inanyesha, na mtoto amekwisha kulegea?

Ndugu wajumbe, nianze na njia yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunaijua nusunusu. Iko zahanati ya kijiji. Juu yake kiko kituo cha afya, ambacho kinalaza wagonjwa, na vingi siku hizi vina chumba cha upasuaji cha kumtoa mtoto mama anaposhindwa kujifungua. Juu yake iko hospitali ya halmashauri, kama Mkomaindo yetu hapa Masasi. Kisha ziko hospitali za rufaa za mikoa: Ligula kwa sisi wa Mtwara, na Sokoine kwa ndugu zetu wa Lindi. Juu ya hizo tunayo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mtwara, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua mwezi Septemba 2023, na ambayo imejengwa ili mtu wa kusini asilazimike kwenda Dar es Salaam kila anapohitaji daktari bingwa. Mwisho wa njia iko Muhimbili pamoja na taasisi zake za moyo na za mifupa, na Ocean Road kwa ugonjwa wa saratani.

Pembeni mwa njia hiyo zimesimama hospitali za mashirika ya dini, na hapa kwetu hizo zina historia ndefu. Wabenediktini walifungua misheni ya Ndanda mwaka 1906. Daktari Leader Stirling, aliyekuja baadaye kuwa Waziri wa Afya wa taifa hili, alifika upande wa Masasi mwaka 1935 na kufanya kazi Lulindi, wakati ambapo mgonjwa alibebwa kwa machela ya miti mwendo wa siku nzima. Nataja historia hii kwa sababu imeacha mazoea. Bibi zetu walijua kwamba dawa iko Ndanda au Nyangao, na hawakukosea kwa zama zao. Tatizo ni kwamba mjukuu wa leo anaipita zahanati iliyojengwa kwa nguvu za kijiji chake, anakipita kituo cha afya, anatumia nauli ya kaya nzima, na anafika hospitali kubwa kwa homa ambayo ingepimwa kwa tone la damu kule kule alikotoka.

Nitawapa mfano wa baba mmoja wa uwanda wa Makonde. Alikuwa na busha kwa miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote alivaa kanzu hata siku za kazi ili watu wasilione. Alikwisha kuambiwa na wenzake kwamba busha linatokana na kunywa madafu, kwa hiyo aliacha madafu, na busha likaendelea kukua. Msimu mmoja alipolipwa fedha za korosho, aliziweka zote kiunoni akapanda basi kwenda Dar es Salaam kwa ndugu yake, kwa sababu aliamini upasuaji wa namna hiyo hauwezi kufanyika kwingine. Huko alikaa majuma, fedha zikapungua kwa chakula na nauli za mjini, na daktari aliyempokea alimwuliza swali moja tu: kwa nini hukuanza na hospitali ya wilaya yako? Upasuaji wa busha ni kazi ya hospitali ya wilaya. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi, maji huondolewa, mfuko hushonwa, na akitunza kidonda vizuri anarudi shambani. Pia zimekuwapo kambi za upasuaji huo katika mikoa yetu, ambazo wanaume wengi walizikosa kwa sababu tangazo liliishia ofisini.

Wazee wangu, wahenga walisema mficha uchi hazai. Mabusha na matende huletwa na vijidudu vinavyosambazwa na mbu. Madafu hayahusiki, uchawi hauhusiki, na wala si adhabu ya jambo lolote alilofanya mtu. Ndiyo maana dawa za kukinga matende zimekuwa zikigawiwa kwa karibu kila mtu kijijini, hata aliye mzima. Kijana anayezikataa kwa kuogopa uvumi huenda akaja kuvaa kanzu ile ile ya yule baba.

Sasa, kwa nini tunasisitiza kufuata ngazi, na kwa nini tunasisitiza karatasi ya rufaa? Wapo wanaodhani karatasi ile ni usumbufu wa serikali. Karatasi ile ni sauti ya mhudumu wa kwanza aliyemwona mgonjwa. Inasema mgonjwa alikutwa na nini, amepewa dawa gani, kiasi gani na saa ngapi. Daktari wa Mkomaindo au wa Ligula akiipata, haanzi kubahatisha, na hamrudishii mgonjwa dawa ambayo amekwisha kuipata saa mbili zilizopita. Mwenye bima akienda hospitali ya juu bila rufaa, na hali yake si ya dharura, anaweza kujikuta analipa kutoka mfukoni. Kwa hiyo mwambieni mwananchi: usiondoke zahanati bila karatasi, usiikunje mfukoni ikalowa jasho, na ukifika mpe mtu wa mapokezi kabla hujaanza kueleza habari zako. Lakini mwambieni pia kwamba dharura haina ngazi. Aliyegongwa na pikipiki, anayetokwa damu nyingi, aliyezimia, huyo apelekwe panapofikika haraka, na karatasi zitafuata.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisisitize huduma za karibu. Wakubwa kwa umri mnakumbuka safari ya Dar es Salaam kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, tulipokuwa tukilala foleni kusubiri kivuko cha Mto Rufiji na wagonjwa wetu ndani ya basi. Tulidhani mambo hayo yamekwisha. Mwezi Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zikaikata barabara upande wa Kilwa, na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Nawauliza: siku zile, mgonjwa ambaye ramani yake ya tiba ilikuwa na jina moja tu, Dar es Salaam, alikuwa na njia gani? Aliyejua kwamba Mitengo kuna madaktari bingwa aligeuza gari akaenda Mtwara.

Naomba sasa nikae kidogo kwenye suala la muda, na hapa nitasema kwa kirefu, kwa sababu nimekuwa mkunga na siwezi kulipita harakaharaka.

Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba vifo vya uzazi nchini vimeshuka hadi 104 katika kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Hayo ni mafanikio makubwa, na wahudumu waliopo hapa wanastahili kupongezwa. Lakini mnajua wale wanaobaki ndani ya hesabu hiyo ni akina nani? Ni wale ambao dalili ilionekana nyumbani na hakuna aliyeitambua, au aliyeitambua hakuwa na ruhusa ya kuamua.

Sisi wa huku, Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, tunafuata ukoo wa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake. Siupingi utaratibu huo, kwa kuwa umewalinda wanawake wengi. Lakini nilimpokea binti mmoja mwenye mimba ya kwanza ambaye alianza kuumwa kichwa asubuhi, akaona ukungu machoni, uso na mikono imevimba. Bibi yake alitaka wampeleke kituoni. Mumewe naye alitaka. Wote wakakubaliana kwamba mjomba asubiriwe kwanza, na mjomba alikuwa kwenye mnada wa korosho, simu yake haipatikani. Alirudi jioni. Binti alipofika kwetu alikuwa amekwisha kupata degedege, ile tunayoiita kifafa cha mimba. Yeye tulimwokoa. Mtoto hatukumpata.

Mjomba yule alilia mbele yangu kuliko mtu yeyote. Aliniambia: mama, mngeniambia mapema kwamba kichwa na ukungu wa macho ni jambo la kutonisubiri, ningewaachia ruhusa tangu mimba ina miezi mitatu. Ndugu wajumbe, maneno hayo ndiyo ninayowaletea leo. Ruhusa itolewe mapema. Katika kila nyumba yenye mjamzito, mjomba, mume na bibi wakae pamoja mapema, wakubaliane nani ataamua wasipokuwapo wao, fedha ya dharura iko kwa nani, nani atabaki na watoto, na nani yuko tayari kuchangia damu ikihitajika. Damu ya hospitali haiuzwi, lakini haitoki hewani. Inatoka kwenye mikono ya watu kama ninyi.

Na dalili zenyewe ni zipi? Kutokwa damu ukeni wakati wowote wa mimba. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu. Uso na mikono kuvimba. Homa kali. Degedege. Chupa ya uzazi kupasuka kabla ya wakati. Mtoto kuacha kucheza tumboni au kucheza kidogo kuliko kawaida yake. Na baada ya kujifungua, damu nyingi au yenye harufu mbaya, na homa. Hizi si za kusubiri asubuhi. Ipo namba 115, inayopigwa bila malipo, ya mfumo wa m-mama. Anayepiga huunganishwa na kituo cha kuratibu usafiri, na kituo hicho hutuma gari la wagonjwa, au pale lisipokuwapo, gari la dereva wa jamii aliyesajiliwa, na mgonjwa halipi nauli. Mfumo huo ni kwa ajili ya wajawazito, akina mama waliojifungua karibuni na watoto wachanga wenye dharura. Ni wangapi humu ndani mlikuwa mnaijua namba hiyo? Nyosheni mikono. Mnaona wenyewe. Na ninyi ndio wajumbe wa kamati za afya.

Mnaweza kuuliza nani ataifikisha habari hii. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, na kazi yao naithamini. Lakini naomba tusiwasahau makungwi. Binti wa kwetu husikia mengi kwenye unyago, na anayoyasikia kule huyaamini kwa maisha yake yote. Kungwi aliyeelezwa vizuri dalili za hatari, umuhimu wa kuanza kliniki kabla ya wiki 12, umuhimu wa kumeza dawa ya SP ya kukinga malaria na kulala ndani ya chandarua anachopewa kliniki, huyo atafundisha wasichana kwa miaka mingi baada ya sisi kuondoka. Nimeona mganga mfawidhi mmoja akiwaalika makungwi wa vijiji vyake kituoni, akawapitisha chumba cha kujifungulia, akawaacha waulize kila walichotaka. Tangu hapo wakawa wao wenyewe wanaowasindikiza mabinti kliniki.

Kwa watoto, adui yetu mkubwa bado ni malaria. Utafiti ule ule wa mwaka 2022 uliikuta Mtwara na maambukizi ya asilimia 20 miongoni mwa watoto wa chini ya miaka 5, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Ni Tabora peke yake iliyotuzidi. Hii ina maana kwamba kila homa ya mtoto katika mkoa huu ipimwe malaria, na ipimwe siku ile ile. Kipimo cha haraka kipo zahanati, jibu hutoka kabla hujamaliza kumnyonyesha, na dawa ya mseto ipo. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka, huyo ni mgonjwa mahututi. Nawasihi wazazi wenzangu: degedege si ndege wa usiku aliyepita juu ya paa, na moshi wa kumfukiza mtoto hautoi vijidudu vya malaria kwenye damu yake. Simdharau mganga wa kienyeji, na wapo waganga ambao wakimwona mtoto wa namna hiyo humwambia mama nenda zahanati kwanza. Hao ni wenzetu, na kamati ziwatambue hivyo.

Kuhusu fedha nitasema machache. Sera ya Afya ya mwaka 2007 imeelekeza kwamba katika vituo vya umma wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wapate huduma bila malipo, na matibabu ya kifua kikuu, ukoma na VVU hayalipiwi. Mzee anapofika bila kitambulisho cha matibabu wala barua ya mtendaji, anakwama dirishani, na wengi hugeuka na kurudi nyumbani kimya kimya, kwa sababu mzee wa heshima haombi mara mbili. Mtendaji wa kijiji, orodha ya wazee wako ikoje? Hospitali zina ofisi ya ustawi wa jamii, na ofisi hiyo ndiyo yenye kazi ya kumsikiliza asiye na uwezo. Mwananchi aelekezwe pale kabla hajauza mbuzi wake. Na kuhusu bima, wengi wenu mliwahi kujiunga na mfuko wa afya ya jamii, yaani CHF iliyoboreshwa, kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mwezi wa kuzungumza bima na mkulima wa kusini ni Oktoba na Novemba, malipo ya minada yanapoingia. Anayekuja kuhamasisha bima mwezi Machi amekuja wakati ghala tupu na mfuko mtupu.

Na kila malipo yawe na risiti. Mwananchi anayeombwa fedha mkononi bila risiti ana haki ya kukataa na ana haki ya kusema. Namba 199 ya Wizara ya Afya haina malipo.

Nije sasa kwenye chumba cha daktari, mahali ambapo taarifa hupotea kwa wingi kuliko mahali pengine popote. Mgonjwa anatoka na bahasha ndogo ya dawa iliyoandikwa moja, alama ya kuzidisha, tatu. Mhudumu anajua maana yake: kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Nilimtembelea mama mmoja mtu mzima nyumbani kwake, nikamkuta anameza vidonge vitatu kwa mkupuo, mara moja kwa siku, kwa sababu ndivyo alivyosoma, na kwa kweli hakuna aliyemweleza. Wa kulaumiwa pale ni sisi tuliomkabidhi bahasha tukamwita anayefuata. Muuguzi atamke: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Kisha amwombe mgonjwa ayarudie maneno hayo kwa kinywa chake. Mzee anayesikia Kimakonde au Kimakua vizuri kuliko Kiswahili aitiwe mjukuu au jirani anayemwamini, na mambo yake ya siri yasitangazwe kwenye benchi.

Upo ugonjwa unaohitaji maelezo haya kuliko mwingine, nao ni shinikizo la damu. Mama anapewa vidonge vya mwezi, anapata nafuu, anaviacha. Anaona amepona. Baada ya miezi kadhaa anaanguka, upande mmoja umepooza, na familia inasema ametupiwa jini. Kama siku ile ya kwanza angeambiwa kwamba ugonjwa huu hautoki, kwamba dawa yake humezwa hata siku unapojisikia mzima, na kwamba vidonge vikiisha arudi zahanati, huenda angekuwa anapalilia shamba lake. Mwenye kisukari vilevile. Mwenye kifua kikuu vilevile: akohoaye wiki mbili au zaidi apimwe makohozi, na akianza dawa amalize miezi yote aliyopangiwa.

Na mgonjwa naye anaruhusiwa kuuliza. Ninaumwa nini? Dawa hii inaitwaje? Nikiona nini nirudi haraka? Upasuaji huu ni wa nini, na nisipofanyiwa itakuwaje? Fomu ya ridhaa isomwe kwa sauti na ieleweke kabla ya dole gumba kuwekwa wino. Mhudumu anayeulizwa maswali haya asione amevunjiwa heshima.

Jambo langu la mwisho ni taarifa inayotoka upande wa pili, kwa mgonjwa kwenda kituoni. Mwezi Julai 2022, kituo cha afya cha Mbekenyera, wilayani Ruangwa, jirani zetu kabisa, kilipokea wagonjwa wenye homa, kuumwa kichwa, uchovu mkubwa na kutokwa damu puani. Wahudumu wale hawakusema hii ni malaria ya kawaida wakawarudisha nyumbani. Walitoa taarifa, wataalamu wakafika, sampuli zikapimwa, Ebola na Marburg zikaondolewa kwenye hesabu, na ikabainika kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine kupitia maji na udongo. Waliougua walikuwa 20 na waliofariki 3. Nani anaweza kusema wangekuwa wangapi kama watu wa Mbekenyera wangebaki majumbani, au kama mhudumu angenyamaza?

Na hilo si geni kwa ardhi hii. Ugonjwa wa chikungunya, ambao leo unasumbua watu Asia na Amerika, ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa miaka ya 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde. Wagonjwa wa vijiji vyetu walieleza maumivu yao ya viungo, wakasikilizwa, na dunia ikajifunza. Kwa hiyo mtu akija kwenye kamati akasema mbona nyumba tatu za mtaa wetu watu wanatapika, au mbona panya wanakufa ovyo, msimwambie aache uzushi. Mpelekeni kwa mganga mfawidhi siku hiyo hiyo.

Sasa niwaachie kazi. Kila kamati irudi ikatazame ubao wake wa matangazo. Nimeona mbao zenye tangazo la zabuni la mwaka juzi na ratiba ya chanjo iliyofifia. Ondoeni vyote hivyo. Wekeni kwa maandishi makubwa, ya Kiswahili: siku na saa za kliniki ya wajawazito na watoto, namba 115 na 199, namba ya simu ya mganga mfawidhi, dalili za hatari kwa mjamzito na kwa mtoto, makundi yasiyolipia, dawa zilizopo na zilizokwisha mwezi huu, na fedha ambazo kituo kimepokea na zilivyotumika. Hilo la dawa zilizokwisha msiogope kuliandika. Mwananchi anayejua mapema kwamba dawa fulani haipo hakasiriki kama yule anayetembea saa mbili akaambiwa dirishani.

Kisha, kwa kuwa si kila mtu anasoma, yasomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji, msikitini baada ya swala ya Ijumaa, kanisani kabla ya baraka, na kwenye chama cha msingi wakulima wanaposubiri malipo. Mwenyekiti wa kamati asome mwenyewe, asimtume mtu. Na akimaliza awaulize waliopo: mtoto akipata degedege usiku wa leo, mnampigia nani na mnakwenda wapi? Wakishindwa kujibu, asome tena.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Maswali nayapokea sasa, na naomba akina mama waanze.